Mlango wa Nyuma Uko Juu Sana

Jumapili moja mwezi wa nane tulienda Kyamwilu, kama kila mtu anayetoka Nairobi kuja Machakos na hajui pengine pa kwenda. Kama hujafika, ni kipande cha barabara karibu na kilima cha Kituluni, nje kidogo ya mji. Ukisimamisha gari pale, ukatoa gia na kuachilia breki, gari linaanza kupanda mlima lenyewe. Watoto wa hapo wana mitungi ya maji. Ukiwapa kitu kidogo wanamwaga, na maji nayo yanapanda. Hakuna uchawi. Barabara inashuka, ila vilima vilivyoizunguka vimekaa kwa namna inayodanganya jicho lione kinyume. Unajua hivyo, unaelezwa hivyo, na bado unashangaa kama mtoto.

Siku hiyo kulikuwa na pikapu moja pale, Hilux nyeusi ya milango minne, imeinuliwa mpaka tairi zake zilikuwa zinakaribia kiuno changu. Taa nne juu ya paa. Bomba la hewa limepanda kando ya kioo kama mkonga wa ndovu. Jamaa mmoja alikuwa anarekodi TikTok huku gari likijipandisha polepole bila injini, na umati unapiga makofi. Mimi pia nilipiga, sitawadanganya. Ilikuwa nzuri. Halafu ikanipita, nikaona nyuma. Bodi ilikuwa imefunikwa kwa kifuniko kigumu cheusi, kimefungwa kwa kufuli, na mlango wa nyuma ulikuwa hauna mkwaruzo hata mmoja.

Pikapu isiyo na mkwaruzo nyuma ni kama sufuria isiyo na masizi chini. Unajiuliza, kwani huyu hula wapi?

Sisi tunahakiki vitabu, filamu, albamu. Tunahakiki nganya kwa makini kuliko tunavyohakiki wabunge: rangi, muziki, nani amechora, nani ameiga nani. Lakini pikapu, ambayo huku Ukambani imebeba karibu kila kitu kinachoweza kubebwa, hakuna anayeihakiki. Nataka kujaribu. Na kipimo changu ni kimoja tu, cha kishamba kabisa: mlango wa nyuma uko umbali gani kutoka ardhini, na ni nani anaweza kuufikia?

Nilikifahamu kipimo hicho kabla sijajua kusoma. Mjomba wangu alikuwa na Peugeot 404 ya pikapu, upande wa Masii, rangi ya maziwa iliyogeuka kuwa rangi ya vumbi. Hiyo 404 Wafaransa waliianza 1960, wao wenyewe wakaiacha, na huku Kenya ikaendelea kuunganishwa kwa miaka mingi. Sidhani kuna gari lililopendwa hivyo vijijini. Ilikuwa chini. Mlango wake wa nyuma ukiushusha unakaa pale ambapo paja linaisha, kwa hivyo mama yeyote aliyebeba debe la mahindi angeweza kugeuka, kukaa kidogo, na mzigo ukawa umeingia. Hakuna aliyeitwa kusaidia. Mbuzi waliruka wenyewe. Sisi watoto tuliruka wenyewe. Harusi zilipanda hapo, viti vya kanisa, mabati, mgonjwa juu ya godoro. Na majeneza, bila shaka, yakisukumwa ndani na wanaume wanne waliosimama wima, hakuna anayetweta, ndiyo heshima yenyewe.

Vijana wa sasa wanapenda kusema nganya ni utamaduni. Sawa, lakini babu yake nganya ni pikapu. Matatu nyingi za kwanza, kabla na baada ya Jomo Kenyatta kuziruhusu mwaka 1973 zibebe abiria bila leseni za mabasi, zilikuwa pikapu zilizowekewa mabenchi mawili na kibanda cha bati nyuma. Mnakaa magoti kwa magoti, mnaangaliana mpaka mwisho wa safari. Kwa hivyo tangu mwanzo pikapu ya Kenya ilikuwa gari la mlango wa nyuma. Mwenye gari alikaa mbele, lakini habari yote ilikuwa nyuma.

Sasa tuone kilichotokea.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba huyo huyo, yuko Syokimau. Anafanya kazi za tenda, na tenda zikimwendea vizuri ananunua kitu. Miaka mitatu iliyopita alinunua Hilux, ikiwa sawa kabisa ilivyotoka kiwandani, gari la kubeba karibu tani moja bila kulalamika. Akaikalia miezi minne. Halafu akaipeleka gereji Nairobi, wakamwinulia springi sentimita 10 hivi, wakavua tairi zake na kumwekea za inchi 35. Ngazi ya pembeni, ile ya kukanyagia ukipanda, akaambiwa inaharibu muonekano, ikatolewa. Bili sitaitaja kwa sababu mamake anasoma vitu ninavyoandika.

Niliuliza fundi mmoja mjini Machakos, mzee ambaye gereji yake ni mti na kopo la grisi, anaionaje kazi hiyo. Akalala chini ya gari, akaniita nilale pia. Akanionyesha ile tufe ya chuma katikati ya ekseli ya nyuma. “Hii ni difu,” akasema. “Ukiinua springi, bodi inaenda juu. Difu inabaki hapa hapa, kwa sababu imeshikana na magurudumu. Jiwe halijui bodi yako iko wapi. Jiwe linagonga difu.”

Nilihesabu nikiwa bado chini pale. Springi sentimita 10, na tairi kubwa zinaongeza kama sita, kwa kuwa tairi huinua gari kwa nusu tu ya ukubwa ulioongezeka. Jumla 16. Katika hizo 16, difu ilipata sita. Kumi zilizobaki ziliinua bodi, dereva, redio na mlango wa nyuma. Yaani binamu yangu alilipa pesa nyingi ili barabara ibaki karibu pale pale na watu ndio waende mbali.

Mengine fundi aliyataja kama mtu anayesoma orodha ya dukani. Uzito umepanda, kwa hivyo kwenye kona gari linataka kulala. Tairi nzito zinachosha breki na zinakunywa dizeli. Kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi ni uongo: ukisoma 100, wewe uko zaidi ya 110, kwa sababu tairi kubwa huzunguka mara chache kwa safari ile ile. Na taa zinaingia moja kwa moja kwenye kioo cha gari dogo lililo mbele yako, jambo ambalo yeyote aliyewahi kurudi Nairobi Jumapili usiku kupitia Kyumvi analijua machoni mwake. Kuna na mtoto wa nasari anayesimama mbele ya boneti hiyo. Dereva hamwoni kabisa. Hilo silisemi kwa utani.

Najua utaniambia: bana, unaongea kama Nairobi. Huku kuna matope, huku kuna mito ya mchanga. Ni kweli. Mvua ikinyesha juu ya udongo mweusi wa kule tambarare za Athi, gari la chini linakwama na linabaki pale likiangaliwa na ng'ombe. Ukivuka Ikiwe baada ya mvua unataka kimo, na unataka lile bomba la mkonga pia. Wanaoshindana Rhino Charge kila mwaka, tangu 1989, hawainui magari yao kwa ajili ya picha. Pale kuna mawe makubwa kama nyumba, na pesa zake zimejenga uzio wa msitu wa Aberdare. Sina ugomvi na kimo kinachofanya kazi.

Lakini kimo si jibu la kila tope. Kwenye mchanga, mtu wa lori atakwambia punguza upepo wa tairi, tairi ilale, na utatoka hata na gari la kawaida. Haigharimu chochote. Tena hebu kumbuka Safari Rally ya zamani, ile ya maelfu ya kilomita kwenye tope la Pasaka. Peugeot 404 iliishinda 1963, ikarudi ikaishinda 1966, 1967 na 1968. Katikati, 1965, Joginder Singh akaichukua na Volvo iliyofanana na kobe. Hayo yalikuwa magari ya familia, yaliyoimarishwa, ndiyo, lakini ungeweza kuingia ndani ukiwa umevaa sketi. Walijua kuendesha.

Sasa nieleze kwa nini ninaandika haya kwa hasira kidogo kuliko inavyostahili.

Susu wangu anaishi Mwala. Ana miaka 81 na ni mfupi, na amezidi kuwa mfupi. Usiku mmoja wa Aprili, wakati wa mvua, kifua chake kilibana. Sote tulikuwa nyumbani kwa Pasaka, na binamu alikuwa amekuja na Hilux. Tukasema Mungu si Athumani, gari lipo, na si gari tu, ni gari la matope lenyewe. Binamu akarudi nyuma na gari mpaka kwenye mlango wa nyumba. Taa zote kumi, sijui ngapi, zikawaka, kuku wakaamka.

Susu akatoka akishikwa mkono na mamangu. Akasimama kando ya gari. Sakafu ya gari ilimfika karibu na kifua.

Tulileta kigoda. Akapanda kigoda, akainua mguu, mguu haukufika. Mimi nikashika upande mmoja, binamu upande mwingine, tukamwinua kama gunia. Akapiga kelele, si ya maumivu, ilikuwa ya aibu. Leso ilikuwa imefunguka, mvua inamnyeshea, wajukuu wa kiume wamemshika mapajani. “Niacheni,” akasema. “Niacheni kwanza nipumue.” Tukamwacha. Akakaa kwenye kigoda, kwenye tope, katikati ya taa hizo zote, anatafuta hewa.

Tukafikiria nyuma. Godoro, alale, kama zamani kwenye 404. Kifuniko kilikuwa kimefungwa. Ufunguo ulikuwa Syokimau.

Mwishowe mama akapigia jirani aliye na Probox. Ilichukua kama nusu saa kufika, kwa sababu ya barabara. Probox ile imebeba kila aina ya mzigo mpaka milango yake inalia. Jirani akafungua mlango, susu akageuka, akakaa, akaingiza miguu. Kama mtu anayekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Sekunde kumi.

Na hapa haki itendeke, kwa sababu hakiki isiyotenda haki ni kelele tu. Probox haikufika mbali. Kwenye mteremko wa kwanza iliingia shimoni, magurudumu yakazunguka bure. Binamu akashuka, akafunga kamba, na ile Hilux ikaitoa kama mtu anayeng'oa muhogo. Ikaivuta mpaka lami. Bila Hilux tusingefika. Usiku ule gari la juu lilifanya kazi yake, na kazi yake ilikuwa kuvuta gari ambalo susu aliweza kuingia.

Ilikuwa nimonia. Alilazwa, akapona, akarudi nyumbani analalamikia uji wa hospitali. Nilimuuliza baadaye kama atapanda gari la binamu siku nyingine. Akacheka kidogo. “Mwembe nilipanda nikiwa msichana,” akasema. “Mwembe una matawi ya kushika.”

Binamu aliliona jambo hilo kwa njia yake. Tuliongea mjini siku chache baada ya hapo, mbele ya sahani ya nyama.

“Wewe unaandika-andika,” akaniambia, “lakini hujawahi kukaa pale juu. Ukiwa pale juu watu wanakupisha. Polisi wanafikiria wewe ni mheshimiwa. Kwa ofisi ya watu nikifika na gari ya chini naambiwa rudi kesho. Nikifika na hii naulizwa chai ama kahawa. Hiyo tenda ilitoka wapi, unafikiri?”

“Kwa hivyo umeinua gari ili uonekane.”

“Nimeinua gari ili nilipwe, buda.”

Sikuwa na jibu la haraka, na bado sina zuri. Maana alikuwa anasema ukweli kuhusu nchi hii. Hapa cheo kina kimo. Mwanasiasa anakuhutubia akiwa amechomoza juu ya paa la gari, na wewe shingo inauma. Tumefundishwa kuangalia juu tukitafuta mwenye uwezo, na kijana asiye na mjomba serikalini ameamua kujinunulia huo ujuu kwa sentimita. Kumcheka ni rahisi. Mimi mwenyewe nilipiga makofi Kyamwilu.

Ila kuna kitu nganya inafanya ambacho pikapu hii haifanyi. Nganya ni maringo tupu, taa, spika, picha za watu waliokufa na walio hai, lakini maringo yake yana mlango. Una nauli, unaingia, na kuanzia hapo maringo ni yako pia. Kuna mkono wa makanga unaokuvuta ndani. Pikapu iliyoinuliwa imeutoa mkono huo, imetoa hata ngazi, ikafunga kufuli nyuma. Imebaki na umbo la gari la kazi na imeondoa kazi. Kama kifaa ni dhaifu, kama mchoro ni mzuri, nakubali. Lakini ni mchoro wa kitu ambacho mjomba alikuwa nacho, umechorwa na mtu ambaye hakumbuki kilitumika vipi. Na dizeli je? Septemba 2023, EPRA ilipotangaza bei iliyopita shilingi 200 kwa lita, petroli na dizeli zote, binamu aliliegesha gari wiki mbili na kupanda matatu. Alisema lilikuwa na shida ya betri.

Nilidhani nimemaliza hapo. Lakini Januari maembe yaliiva yote kwa wakati mmoja, kama kawaida yake, na lori tuliloahidiwa halikuja. Susu akasema, mwiteni mwenye mlima.

Binamu akaja, ufunguo wa kifuniko mkononi safari hii. Akaegesha njiani chini ya shamba. Kina mama wakaja na kreti, wakalitazama gari, wakatazamana. Mmoja akainua kreti mpaka kifuani, ikagonga ukingo wa mlango, akaishusha. Wa pili naye hivyo hivyo. Kulikuwa na kimya kidogo.

Ili uelewe kilichofuata, lazima ujue shamba lilivyo. Kama mashamba mengi ya Machakos, limekatwa ngazi-ngazi, kwa matuta ya fanya juu. Unachimba mtaro, udongo unaurusha upande wa juu, na miaka ikipita mteremko unakuwa sakafu. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliandika kwamba nchi hii imekwisha, mmomonyoko umeimaliza. Mwaka 1994 kikatoka kitabu cha watafiti, *More People, Less Erosion*, kikionyesha kwamba watu wameongezeka mara nyingi na ardhi imekuwa bora zaidi. Jina lenyewe, fanya juu, liko kwenye vitabu vya kilimo vya nchi nyingi, kwa Kiswahili vile vile. Susu alichimba mengi ya matuta hayo na vikundi vya mwethya, jembe moja watu wawili.

Akasimama ukingoni mwa tuta, na fimbo yake, akaanza kuelekeza. “Rudi. Rudi tena. Kata kushoto. Wewe, si hivyo, kushoto!” Jasho likamtoka binamu, kioo cha kando kikigusa mihogo. Gari likarudi nyuma mpaka bodi ikagusana na ukuta wa tuta. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa ulilala sawasawa na udongo wa shamba, kama sebule na veranda.

Hakuna aliyeinua kitu. Kreti zilisukumwa kwa mguu. Susu mwenyewe akatembea kutoka shambani mpaka ndani ya gari, akazihesabu, akatoka.

Saa nane usiku tulikuwa Marikiti, Nairobi, ambako hakuna tuta. Hamali akalizunguka gari mara moja, tochi mdomoni, akapima mlango wa nyuma kwa kidevu chake. Bei ya kushusha aliyotaja ilikuwa shilingi ishirini zaidi kwa kila kreti kuliko ya gari lililokuwa kando yetu.

“Kwa nini?” binamu akauliza.

“Hii yako ni ghorofa, boss,” akasema hamali. “Na lifti ni mimi.”

Binamu akanitazama, akaona nimetoa simu ninaandika, akalipa.